Kila Jumamosi tunawaambia wana thamani, na bado wanakunywa

Yambo yenu,

Mimi ni mlezi wa kundi la vijana katika parokia moja ya Katuba, hapa Lubumbashi. Tuna vijana 22 wa miaka 14 hadi 17: wavulana 13, wasichana 9. Tangu masomo yaanze mwezi wa tisa tunakutana kila Jumamosi mchana kwa muda wa saa mbili. Kwenye semina tuliambiwa kwamba kijana anayejipenda hawezi kujiharibu. Kwa hiyo tunaanza kwa kusimama wote na kusema, "Mimi ni wa thamani, mimi ninaweza." Baadaye kuna mafundisho juu ya kujiheshimu, pombe, bangi na mimba.

Wanasema vizuri, tena kwa sauti. Lakini tukiagana, watano au sita wanapitia kununua sashe za wiski, wengine wanaenda kwa mama anayepika lutuku, pombe kali ya kienyeji, uani. Wavulana wawili wameacha kuja. Nasikia mwisho wa juma wanafuata wachimbaji wa madini kwenye kariere, yaani machimboni. Wasichana wawili wana wanaume wazima wenye magari, na mmoja ana simu ambayo mama yake hakuinunua.

Anayeniumiza zaidi ni mvulana wa miaka 16. Amerudia darasa mara mbili, sasa anakaa na watoto wa miaka 13. Baba yake anamwita "hasara ya minervali", yaani ya ada ya shule, hata mbele ya wageni. Mwezi uliopita spika ya kwaya iliharibika, akaitengeneza. Nikamsimamisha mbele ya wenzake, nikasema huyu ndiye fundi mkubwa kuliko wote parokiani, wakampigia makofi. Jumamosi iliyofuata hakuja. Ile nyingine alikuja amekunywa.

Mwenzangu anataka tuongeze siku ya Jumatano kwa ajili ya wale wagumu tu, tuwakusanye peke yao tuwafundishe zaidi. Mnasemaje?

Yaya wa Katuba

*

Yaya,

Tuanze na hiyo Jumatano, kwa sababu ndiyo inayoweza kuleta madhara upesi: msiifanye. Wagumu wakikusanywa peke yao hufundishana. Mmoja akisimulia alivyoruka ukuta usiku bila mzazi kujua, wenzake wanacheka, na kicheko kile kinamfurahisha kuliko sifa zote utakazompa wewe. Mwaka 1999 watafiti watatu, Thomas Dishion, Joan McCord na François Poulin, walionyesha kwamba programu fulani za kukusanya vijana wenye matatizo zilikuwa zimewaongezea sigara na ukorofi. Wachanganyeni. Katika kikundi cha watu wanane, wawili wenye shida wanatosha. Wakifika wanne, kikundi ni chao.

Sasa yale ya semina. Wazo kwamba kujithamini ni chanjo ya kila kitu lina umri mkubwa kuliko vijana wenu. Jimbo la California liliunda tume yake ya kukuza kujithamini mwaka 1986, na shule nyingi za dunia zikafuata wimbo huohuo. Mwaka 2003 Roy Baumeister na wenzake walipitia tafiti zilizokuwa zimelundikana, wakaona kwamba kujithamini sana, peke yake, hakumzuii kijana kuvuta, kunywa wala kuanza ngono mapema. Wenye kujiamini wengine huthubutu hata zaidi. Angalia pale kwenu: anayeongoza msafara wa kwenda kununua sashe ni yule mnyonge wa pembeni? Tungeshangaa.

Mpangilio umegeuzwa, hilo ndilo kosa. Kijana hajipendi kwanza ndipo afanye vizuri. Anafanya jambo gumu, jambo lenyewe linamfaa mtu, na polepole anaanza kujiona kuwa mtu. Heshima hiyo haimwagwi kwa maneno. Na hata ikishapatikana haitoshi: kijana anahitaji pia kujua namna ya kukataa, mahali pa kwenda Jumamosi usiku, na mtu mzima anayeuliza yuko wapi.

Kwa hiyo acheni yale maneno ya kusema mkiwa mmesimama. Mwaka 2009, Joanne Wood na wenzake huko Kanada waliwaomba watu wajirudierudie kwamba wao ni wa kupendwa. Wale waliokuwa wanajidharau waliishia kujisikia vibaya zaidi. Inaeleweka. Mwambie kijana aliyerudia darasa mara mbili aseme "mimi ninaweza", na kichwa chake kitamletea palepale orodha ya yote aliyoshindwa.

Tuje kwa fundi wako. Nia yako ilikuwa njema, lakini sifa ile ilibeba mizigo mitatu. Ilitolewa mbele ya masta zake, yaani wenzake, na katika umri huo kupendwa na mlezi hadharani kunaweza kukugharimu wiki nzima ya kuchekwa. Ilikuwa kubwa kupita kiasi: "mkubwa kuliko wote" maana yake ni kwamba spika itakayofuata ikimshinda, ataanguka kutoka juu sana, basi afadhali asiiguse. Eddie Brummelman na wenzake huko Uholanzi waliona jambo hili kwa watoto mwaka 2014: wale wanaojidharau, wakipewa sifa zilizotiwa chumvi, huchagua kazi rahisi wasije wakaaibika. Mzigo wa tatu ndio tunaouona mzito kuliko yote. Makofi yalipoisha hakukuwa na kazi nyingine. Alikuwa fundi kwa dakika mbili, kisha akarudi kuwa hasara ya minervali.

Mtafute wiki hii, mkiwa wawili tu, mchana, akiwa hajanywa. Usianze na pombe. Muulize spika ile ilikuwa na shida gani, umwache aeleze mpaka mwisho hata kama huelewi. Kisha mwambie kitu kimoja ulichokiona kwa macho yako, mfano: "Ulifuata waya kwanza kabla ya kufungua ampli. Mwingine angeanza kubomoa." Sifa ya namna hiyo inamwonyesha alichofanya, na anaweza kukirudia kesho. Usiipambe.

Halafu mpe vyombo vyote vya sauti viwe chini yake. Muandike pamoja orodha: spika ngapi, maikrofoni ngapi, nyaya zipi zinafanya kazi. Apewe ufunguo wa kabati na bajeti ndogo ya nyaya na jeki, na saa ya kufika iandikwe: dakika 45 kabla ya misa. Mtafuteni fundi mtu mzima wa mtaa akae naye mara nne au tano, amwonyeshe kutumia mita na kulehemu. Kwenye ampli pana jambo la kufundishwa siku ya kwanza: baadhi ya kondensa hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa, kwa hiyo hagusi ndani mpaka fundi amwonyeshe namna ya kuutoa na kupima kwamba umeisha. Akionyesha bidii, ongeeni na familia juu ya mafunzo ya umeme au elektroniki, INPP (taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi) au kwa watawa Wasalesiani wa Cité des Jeunes. Kwa mvulana wa miaka 16 aliyekwama kati ya watoto, kubadilisha njia si kushindwa, ingawa mzee wake huenda akaliona hivyo mwanzoni.

Fanyeni vivyo hivyo kwa wote 22, la sivyo atakuwa kipenzi cha mlezi, na utamwongezea maadui. Kufagia ukumbi na kupanga viti kunahitajika, lakini hakujengi mtu. Jukumu linalojenga ni lile ambalo kuna mtu analisubiri, likikosekana linaonekana, na linadai ujuzi ambao kijana hana leo ila anaweza kuupata ndani ya wiki nne hadi sita.

La kusomesha watoto tunalipenda kuliko mengine. Kijana mmoja, watoto wanne wa darasa la tatu au la nne, dakika 40, mara mbili kwa wiki, kusoma kwa sauti na imla fupi. Msichague wale wa kwanza darasani tu. Aliyewahi kurudia anajua vizuri mahali ambapo mtoto hukwama, na huwa mvumilivu kuliko mwenye akili nyepesi. Anayesubiriwa na watoto wanne saa tisa hawezi kufika ananuka lutuku, kwa sababu watoto hao watamwuliza hapohapo, na watoto hawana adabu katika mambo hayo.

Sanduku la fedha nalo ni zuri, likiwa na masharti. Wawe wawili, si mmoja. Daftari liwe na safu tatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Wahesabu kila Jumamosi mbele ya mtu wa tatu, na humo kisikae kiasi ambacho kikipotea kundi litavunjika. Makuta yakipungua, hesabuni upya, kila mmoja aandike maelezo yake, walipe kidogo kidogo, na wabaki na sanduku. Ukiwanyang'anya kwa kosa la kwanza umewathibitishia kile wanachoambiwa nyumbani. Likitokea tena, hapo badilisheni watu, bila hotuba.

Namna ya kukabidhi ni ileile kwa kazi zote: unaonyesha, mnafanya pamoja, anafanya ukimwangalia, anafanya peke yake. Walezi wengi huharibu pale anapofanya wakiangalia. Kijana anachelewa, wimbo unakaribia kuanza, na mtu mzima anadaka waya na kumaliza mwenyewe. Kwa kijana hilo ni tangazo kwamba hakuaminiwa kamwe. Mwacheni achelewe. Waumini watasubiri dakika tano, hakuna atakayekufa.

Msitumie jukumu kama adhabu. Na msitangaze mshindi wa mwezi: mmoja atafurahi na 21 watakwenda nyumbani wamepimwa wakaonekana wepesi.

Mkitaka kuleta mgeni wa kuwatia moyo, msihangaike kumtafuta mchezaji wa TP Mazembe. Klabu hiyo ilifika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010, na hapa mjini ni heshima ya kila mtu, lakini kijana anayefukuzwa shule sababu ya minervali hajilinganishi na nyota, anamtazama tu. Albert Bandura, aliyeandika mwaka 1977 juu ya imani ya mtu katika uwezo wake, alisema kwamba kumwona mwenzako akifaulu hukujenga. Mwenzako ni yule mnayefanana. Leteni wa miaka 19 aliyeko hatua mbili mbele yao, kutoka Katuba au komini ya Kenya hapa mjini, ambaye naye alirudia darasa na sasa ana kazi ya mikono. Aeleze siku aliposhindwa na alichofanya kesho yake asubuhi. Nusu saa inatosha.

Sasa pombe. Vijana wenu wanajua kwamba lutuku ni mbaya, na mafundisho ya kumi hayataongeza kitu. Kinachowashinda ni macho ya wenzao. Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa watu mchezo wa kuendesha gari mwaka 2005: vijana wa miaka 13 hadi 16 walithubutu hatari zaidi sana wenzao walipokuwa wanatazama, huku watu wazima hawakubadilika. Kwa hiyo wafanyieni mazoezi ya kukataa, dakika kumi kila Jumamosi, kwa Kiswahili chao cha usiku, si kile cha kanisani.

Mmoja anashawishi, mmoja anakataa. Jibu liwe fupi: "Leo hapana, masta." Sababu, kama ipo, iwe moja na iwe ya kweli: "Kesho nina spika za misa ya kwanza." Ukieleza sana umefungua mjadala, na mlevi ana muda wa kujadili. Mikono iwe na kitu, chupa ya soda au kikombe cha munkoyo (kinywaji cha mahindi), kisha miguu isogee kabla dakika haijaisha. Rudieni mara tatu: mshawishi mpole, mshawishi anayecheka, na wa mwisho anayesema "wewe si mwanaume". Wa tatu ndiye anayewaangusha, basi pale kaeni zaidi. Nafasi ya mshawishi ichezwe na mlezi au kijana aliyetulia. Ukimpa yule mnywaji hodari, atafanya vizuri mno, na wote watatoka wamejifunza kwake.

Ombeni pia wazazi wakubali mpango wa bip. Kijana aliyebanwa anabipu nyumbani mara mbili, mzazi anapiga palepale kwa sauti kali: rudi sasa hivi. Kijana analalamika mbele ya wenzake na kuondoka na heshima yake. Usiku huo haulizwi neno. Mazungumzo ni kesho mchana. Mzazi akivunja ahadi hiyo mara moja tu, bip hazitakuja tena.

Baba wa fundi usimwendee kama hakimu, wala usiende mikono mitupu. Pelekeni ile spika ikiwa inalia. "Papa, tumekuja kukushukuru, kijana wako ametuokolea makuta ya fundi." Mwache aguse, aulize. Kisha mwombe mawili tu: lile jina lisitajwe mbele ya wageni, na ampe kijana kazi moja ya nyumbani aisimamie mwenyewe. Usimwambie kwamba yeye ndiye sababu ya pombe. Huenda anabeba aibu yake ya kukosa hela za shule, na ukimsukuma ukutani atampiga mtoto baada ya ninyi kuondoka.

Wasichana wawili ni habari nyingine, na neno "kujiheshimu" kwao limechakaa. Mama mmoja wanayemwamini akae na kila mmoja peke yake, aulize bila kulaumu: yule mwanaume analipa nini? Mara nyingi orodha ni minervali, sabuni, pedi, vocha za simu. Vile ambavyo kundi au shirika la akina mama linaweza kubeba, hasa pedi, libebe kimyakimya. Halafu wapewe ukweli ulio wazi. Nchini Kenya (nchi, si komini yetu) Pascaline Dupas alijaribu somo la dakika 40 kwa wanafunzi wa shule za msingi, akiwaonyesha kwamba wanaume wakubwa wana virusi vya UKIMWI kwa wingi kuliko wavulana wa rika lao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha mimba za wasichana zilipungua kwa asilimia 28, wakati mafundisho ya kawaida ya "jizuie tu" hayakuzipunguza. Takwimu kavu zilifanya kazi ambayo aibu haikuweza.

Wajue pia kwamba sheria yetu ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Mwanaume mzima hawezi kujikinga kwa kusema msichana alikubali. Na likitokea la kulazimishwa, ni hospitali kwanza, familia zijadiliane baadaye: dawa za kuzuia virusi lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu zake, za kuzuia mimba zinaweza kutumika hadi saa 120.

Kuna mahali ambapo majukumu na mazoezi yanakoma. Kijana anayesema amechoka kuishi, anayejikatakata, anayegawa vitu vyake, msimwache peke yake siku hiyo, ondoeni sumu za panya na dawa nyumbani, mpelekeni kwa wataalamu wa afya ya akili. Lubumbashi kuna kituo cha Dr Joseph Guislain. Anayekunywa kila siku, ambaye asubuhi mikono inatetemeka, asiachishwe ghafla nyumbani. Anaweza kupata kifafa. Aanzie kituo cha afya.

Wawili wa kariere hawakuondoka kwa kujidharau. Waliondoka kwa makuta, na kundi halina makuta ya kushindana. Mtumeni kijana wa rika lao aulize wanapata kiasi gani kwa siku na kinaenda wapi. Kama ni minervali, tafuteni kazi ya Jumamosi asubuhi kwa fundi au sokoni inayokaribia kiasi hicho, hata nusu yake, na wazazi wakubaliane na shule kulipa kwa awamu. Waambiwe wazi kwamba sheria haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kuchimba. Wakikataa kurudi mara ya kwanza, aliyetumwa asigombane nao: awaachie ujumbe kwamba kuna watoto wanne wanaosubiri mwalimu, ataje na siku, na arudi tena kabla mvua hazijashika, kwa maana mashimo huporomoka zaidi ardhi ikilowa.